Kizunguzungu si presha kila mara: sikio linavyosikia na linavyokuweka wima

Mtu anajigeuza kitandani alfajiri, ghafla paa linaanza kuzunguka. Anashika godoro kwa mikono miwili, anafumba macho, na kabla dakika haijaisha mambo yametulia. Kufika saa moja asubuhi nyumba nzima imeshatoa hukumu: presha. Wengine wanasema damu imepungua, na hakosi jirani wa kutaja malaria. Mara nyingi sana kosa liko ndani ya mfupa wa upande wa kichwa, kwenye sikio la ndani, na hurekebishwa palepale kitandani kwa dakika tano bila kumeza kidonge. Hatua zake nimezieleza huko chini. Lakini nataka kwanza tulipite sikio zima kutoka nje kwenda ndani, maana kila sehemu ikiharibika huleta dalili zake, na anayezijua hatamimina mafuta pasipohitaji mafuta.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na halikunyooka. Theluthi ya nje ni gegedu, na humo ndimo mlimo na vinyweleo na tezi za nta. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno, ndiyo maana kijiti kikifika huko mtu huruka. Ngozi hiyo ina tabia ya pekee: hukua ikitambaa kutoka kwenye kiwambo, yaani ngoma ya sikio, kuelekea mlangoni, kama sehemu ya kumi ya milimita kwa siku, ikibeba nta na vumbi. Yaani sikio linajisafisha lenyewe. Kijiti cha pamba hufanya kinyume: hutoa kidogo kinachoonekana na kusukuma kingi hadi kwenye sehemu ya mfupa. Nta ikishagandamana huko, mtu anaweza kuendelea kusikia vizuri hadi siku anapooga na maji kuingia. Nta huvimba na sikio huziba ghafla. Matone ya mafuta ya zeituni, au ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 kutoka duka la dawa, manne au matano mara mbili kwa siku kwa siku tatu hadi saba, huilainisha. Kila ukiweka, lala ubavu dakika tano. Usitie chochote ikiwa sikio linatoa usaha au uliwahi kuambiwa kiwambo kimetoboka.

Mdudu akiingia, muue kwanza kwa mafuta ya kula yaliyopata joto la mkono. Akishakufa hakwaruzi kiwambo, na kumtoa kunaweza kungoja asubuhi. Punje ya haragwe au mahindi ni kinyume chake, kwa sababu ukitia maji inavimba na kukwama. Betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mdoli, haingoji hata kidogo. Huunguza ngozi ndani ya saa chache, na tone lolote huzidisha. Hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi.

Mwishoni mwa tundu kuna kiwambo, utando wa duara wenye upana wa milimita 9 hivi na unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Nyuma yake ni chumba chenye hewa, na humo vimening'inia vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi kwa urefu na miligramu 3 hivi kwa uzito.

Kwa nini vifupa? Kwa sababu sauti inatoka hewani lakini inapokelewa majini. Sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani ikigonga maji karibu nishati yake yote, asilimia 99.9, hurudi ilikotoka. Ndiyo maana aliyepiga mbizi hasikii anayemwita kutoka ufukweni. Sikio la kati linaushinda ugumu huo kwa hesabu mbili. Eneo la kiwambo linalofanya kazi ni milimita za mraba 55 hivi, wakati unyayo wa kikuku una 3.2 tu, nguvu iliyokusanywa mahali papana inabanwa kwenye padogo mara 17, ndivyo ncha ya msumari inavyopenya mbao. Kisha mkono wa kifupa cha kwanza ni mrefu kuliko wa kile cha pili, wenzo unaoongeza mara 1.3. Zidisha: shinikizo linalofika kwenye majimaji ni kama mara 22 ya lile lililogonga kiwambo.

Mpango huu una sharti moja, kwamba hewa ya pande mbili za kiwambo ilingane. Kazi hiyo ni ya mrija mwembamba unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Muda mwingi umefungwa. Hufunguka ukimeza mate au ukipiga miayo. Basi likiteremka Kitonga, au ukishuka Bonde la Ufa kutoka Limuru, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, kiwambo kinasukumwa ndani na masikio yanaziba. Meza mate. Ikishindikana, bana pua, funga mdomo na usukume pumzi polepole, bila kishindo. Mtoto mchanga mpe ziwa. Kushuka kunasumbua kuliko kupanda, kwa sababu hewa hujitokea yenyewe kupitia mrija, lakini kuingia ni lazima misuli iufungue. Kwa mzamiaji hali ni kali zaidi: kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu ya bahari. Anayejua kazi husawazisha tangu mita ya kwanza, hangoji maumivu.

Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala karibu usawa, kwa hiyo mafua ya pua hufika sikioni kirahisi. Usaha ukitoka wiki mbili au zaidi, hilo limekuwa sikio sugu. Dawa ya kumeza peke yake haitoshi hapo. Kinachoponya ni ukavu na matone. Sokota kitambaa safi cha pamba, au shashi imara, kiwe utambi. Kiingize sikioni mpaka kilowe, kitoe, weka kingine, endelea hadi utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na kila baada ya kukausha weka matone ya antibiotiki uliyoandikiwa, kwa wiki mbili. Njiti ya kiberiti si utambi, kijiti cha pamba nacho si utambi, wala usiuache utambi ndani. Unapoweka matone kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, vuta sikio nyuma na chini. Kwa mkubwa, nyuma na juu. Ukifanya kinyume matone yanaishia mlangoni. Maziwa ya mama, mafuta ya nazi, mkojo, maji ya majani, vyote hivyo vinavyomiminwa mitaani huongeza unyevu, na unyevu ndio wadudu wa usaha wanaoutaka. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio likasukumwa mbele, usaha umeshaingia mfupani. Usingoje kesho.

Kabla hatujaingia ndani zaidi, fanya jaribio dogo. Funga mdomo, vuma "mmm" bila kukata, halafu ziba sikio moja kwa kidole. Sauti inahamia kwenye sikio uliloziba. Mvumo unapita mfupani moja kwa moja hadi sikio la ndani, na kule ulikoziba, kelele za nje haziingii na mvumo hautoki. Madaktari hufanya jambo hilohilo kwa uma wa sauti, chuma chenye ncha mbili kinachovuma kikigongwa, wa Hz 512 uliowekwa katikati ya paji la uso. Ikiwa sikio bovu limezibwa na nta au maji ya sikio la kati, mvumo utasikika upande mbovu. Ikiwa ni sikio la ndani au neva, utasikika upande mzima. Kwa hiyo mtu aliyeamka sikio moja limezima, na mvumo anausikia upande mzima, asikae nyumbani akitia matone ya nta. Tiba yake ni steroidi, na ina nafasi nzuri ikianza siku za mwanzo. Zikipita wiki mbili nafasi hiyo hupungua sana.

Sasa ndani. Kikuku kinasukuma kidirisha cha koklea, mrija uliojikunja mizunguko miwili na nusu. Ukinyooshwa unafika milimita 35 hivi. Katikati yake umetandazwa utando ambao mwanzoni ni finyu na mkakamavu, na kadiri unavyoendelea unakuwa mpana na mlegevu. Sauti nyembamba hutikisa mwanzo wa utando, sauti nzito hutikisa mwisho. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyeliona wimbi hilo likisafiri, na alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961. Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo: za ndani kama 3,500 kwa safu moja, za nje kama 12,000 kwa safu tatu. Vinyweleo vikiinama upande mmoja, milango midogo hufunguka, potasiamu huingia na umeme huzaliwa. Seli za ndani ndizo zinazoupasha ubongo habari. Za nje hurefuka na kufupika kufuata wimbi na kuikuza sauti ndogo, na kwa kufanya hivyo zinatoa sauti yao wenyewe inayorudi hadi nje ya sikio. Mwingereza David Kemp aliinasa mwaka 1978, na leo mtoto mchanga hupimwa usikivu akiwa usingizini kwa maikrofoni ndogo inayosikiliza sauti hiyo.

Seli hizo ndizo zote ulizopewa. Kuku na ndege wengine zikifa huota nyingine. Za binadamu zikifa hazioti tena. Kelele huzimaliza kwa hesabu ya nguvu na muda. Desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa tu. Grinda la kukatia chuma kwa kawaida hupita 95, kwa hiyo fundi wa mageti anaumaliza muda wake wa siku kabla ya chai ya saa nne. Kipimo kisichohitaji kifaa: ikiwa lazima upaze sauti ili akusikie aliye umbali wa mkono, umeshafika 85 au umezipita. Ukitumia vizibo vya sponji, visokote viwe vyembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 hadi vivimbe. Kizibo kinachoning'inia nje hakizibi kitu. Pamba ya kawaida nayo karibu haisaidii.

Zinazokufa mapema ni za mwanzo wa koklea, kwa kelele na kwa umri, nazo ndizo za sauti za juu, kule ziliko s, f, t, k na sh. Irabu ziko chini zaidi, kwa hiyo hubaki. Bibi anasikia kwamba limetamkwa neno lenye a mbili, lakini kwake pata, paka, pasa na kata ni neno moja. Ndipo analalamika kwamba siku hizi watu wananong'ona. Kumpigia makelele hakumrudishii konsonanti. Kaa mbele yake penye mwanga aone midomo, zima redio, sema taratibu.

Majimaji ya koklea hayaishii kwenye koklea. Yanaendelea hadi kwenye viungo vya mizani, vyenye seli za vinyweleo za ukoo huohuo: mifereji mitatu ya nusu duara na vifuko viwili. Mifereji imesimama kila mmoja karibu pembe mraba na mwenzake, ili kichwa kikigeuka upande wowote, angalau mmoja ujue. Kichwa kinapoanza kugeuka, majimaji huchelewa na kuinamisha pazia laini lililoziba mfereji. Ukizunguka kwa mwendo usiobadilika, baada ya sekunde 20 hivi majimaji huushika mwendo na hisia hupotea. Ukisimama yanaendelea, nawe unahisi unazungukia upande wa pili. Watoto hulifanya hilo mchezo.

Kazi kubwa ya mifereji ni kuyashika macho, na hili unaweza kuliona sasa hivi. Nyosha mkono ukiwa umeshika karatasi yenye maandishi, itikise kulia na kushoto mara mbili au tatu kwa sekunde: herufi zinapotea. Sasa iache karatasi itulie, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma. Mfereji uliamuru macho yageuke kinyume cha kichwa kwa muda wa kama milisekunde 10, kasi ambayo kuona peke yake hakuwezi kuifikia.

Vifuko viwili hufanya kazi nyingine. Ndani yake kuna tandiko la ute lililobebeshwa vijiwe vidogo vya kalisiamu kaboneti. Basi likikanyaga mafuta, vijiwe hubaki nyuma. Ukiinamisha kichwa, huteleza kwa uzito wao, na ubongo unajua chini ni wapi hata gizani. Anayesoma simu kwenye boti ya Unguja anaupa ubongo habari mbili zinazopingana: macho yanasema tumetulia, vijiwe vinasema tunapanda na kushuka. Aweke simu, akae karibu na katikati ya boti, atazame upeo wa bahari.

Kile kizunguzungu cha kitandani ni kazi ya vijiwe hivyohivyo. Baadhi hung'oka, kwa umri, kwa kugongwa kichwa au bila sababu inayoonekana, na kudondokea kwenye mfereji, mara nyingi ule wa nyuma kwa sababu uko chini kuliko mingine. Mfereji ulioumbwa kupima mzunguko sasa una changarawe. Ukijigeuza, changarawe inaporomoka, inavuta majimaji, ubongo unaamini kichwa kinazunguka. Dalili zake: huja ukilala, ukijigeuza au ukiinua uso kutazama juu, huchelewa sekunde chache kabla ya kuanza, haidumu dakika moja, hakuna uziwi wala kuvuma kwa sikio. Presha haina tabia ya kuchagua ubavu.

Kupima: keti kitandani, mto ukae nyuma mahali mabega yatakapoangukia. Geuza kichwa nyuzi 45 upande wa kulia, kisha lala chali haraka, kichwa kikipita mto na kuning'inia kidogo. Msaidizi atazame macho. Nyumba ikizunguka na macho yakachezacheza kwa kujisokota, sikio bovu ni la kulia. Kama hakuna kitu, keti, tulia, jaribu kushoto.

Kuurudisha mchanga mahali pake ni mbinu ya daktari Mmarekani John Epley. Tuseme ni kulia. Uko umelala vilevile, kichwa kimegeukia kulia na kuning'inia: ngoja hadi mzunguko uishe, halafu ongeza nusu dakika. Bila kuinua kichwa, kigeuze nyuzi 90 hadi kitazame kushoto. Ngoja tena hivyohivyo. Sasa lalia bega la kushoto, mwili na kichwa vigeuke pamoja nyuzi 90 nyingine, pua ielekee sakafuni, ngoja. Mwisho keti ukishusha miguu upande huohuo wa kushoto, kidevu kikiwa chini kidogo. Kaa dakika kumi, na mtu awe karibu, kwani mara nyingine changarawe hurudi kifukoni kwa kishindo na mtu huyumba. Wengi hupona kwa mara moja au mbili. Makosa ya kawaida ni kuharakisha, na kuinua kichwa katikati ya zamu, jambo linalorudisha changarawe ilikotoka. Mwenye shingo mbovu au aliyewahi kupata kiharusi asifanye peke yake. Vidonge vya kizunguzungu hupunguza kichefuchefu, lakini hakuna kidonge kinachohamisha kijiwe, na kuvimeza kwa miezi huuzuia ubongo kuzoea.

Kizunguzungu kisichokatika kwa siku nzima au zaidi ni jambo lingine. Huenda neva ya mizani imevimba. Kikija kwa saa kadhaa, sikio likiziba na kuvuma, fikiria ugonjwa wa Ménière. Na kikija pamoja na kuona viwili, ulimi mzito, uso kwenda upande, mkono kulegea, au kushindwa kabisa kusimama, usilale kitandani kujaribu mbinu. Hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Maji baridi nayo huzungusha. Robert Bárány wa Vienna alilichunguza hilo na kupata Nobeli ya mwaka 1914: maji yasiyo na joto la mwili yakiingia sikioni hubadili joto la majimaji ya mfereji ulio karibu, nayo huanza kutiririka. Hospitali hupima kwa maji ya nyuzi 30 na 44. Kwa hiyo anayekusafisha sikio kwa bomba la maji atumie nyuzi 37, na chupa ya matone ishikwe kiganjani dakika chache kabla ya kutumika.

Limebaki la dawa. Sindano za jentamisini, streptomisini na amikasini huua seli za vinyweleo, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayepewa pia furosemidi, dawa ya kukojosha maji. Amikasini huelekea zaidi kwenye koklea. Streptomisini na jentamisini kwenye mizani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019 iliacha kupendekeza kanamisini na kapreomisini, sindano nyingine mbili zinazodhuru sikio, kwa kifua kikuu sugu, na matibabu yakahamia kwenye vidonge. Kwinini nayo huvumisha masikio, ila kwa kawaida hilo hupita dozi ikiisha. Ubaya wa jentamisini ni kwamba huharibu pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo mgonjwa hazungukwi na kitu. Anayumba gizani, na akitembea vibao vya barabarani vinarukaruka. Mwuguzi anaweza kulinasa mapema kwa chati ya macho iliyoko ukutani: mgonjwa asome mstari mdogo anaouweza, kisha msaidizi amtikise kichwa kulia na kushoto mara mbili kwa sekunde, asome tena. Akipoteza zaidi ya mistari miwili, daktari aambiwe kabla ya sindano inayofuata.